LINDA MITI YAKO KABLA YA MVUA



Hapa mkoani Kigoma mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, na huendelea hadi Aprili au Mei. Zikianza, miti huchipua majani mapya, na majani hayo laini ndiyo yanayopendwa na wadudu. Unyevu nao huamsha magonjwa yaliyojificha kwenye vijiti vikavu. Kwa hiyo anza kazi mapema, kwa mikono, panga na majivu. Mpapai mmoja uani unaweza kuzaa ndani ya mwaka mmoja na kuwapa watoto matunda yasiyokuwemo kwenye mgao. Ukifa, unaanza upya na mwaka umepotea.

1. SAFISHA MTI
Kata matawi yaliyokufa ya mwembe, mchungwa na mpera. Ugonjwa wa chule, unaotia madoa meusi kwenye majani, maua na maembe, hukaa humo, na matone ya mvua huusambaza. Okota pia matunda yaliyoanguka. Funza unaowaona ndani ni watoto wa inzi wa matunda. Ukiyaacha chini, watageuka inzi na kurudi mtini. Yafukie kwenye shimo la kina cha sentimita 50, yaani zaidi kidogo ya dhiraa moja. Usichome taka za miti karibu na nyumba za nyasi au mahema.

2. MAJI NA MCHWA
Mpapai hauvumilii maji yanayotuama. Mizizi huoza kwa siku chache. Upande juu ya tuta dogo na uchimbe mfereji wa kupitisha maji. Mchwa hupenda kushambulia mche uliodhoofika kwa ukame, basi mwagilia miche hadi mvua zishike vizuri. Tandaza nyasi kuzunguka mche, lakini ziwe mbali na shina kwa upana wa kiganja. Ondoa vipande vya mbao na mizizi iliyokufa kwenye shimo kabla ya kupanda.

3. WADUDU WEUPE KAMA PAMBA
Ukiona utando mweupe kama pamba chini ya majani ya mpapai au kwenye matunda, hao ni vidung'ata. Hunyonya utomvu na kuacha utamu unaowavuta sisimizi. Sisimizi nao huwalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Kata majani yaliyoathirika sana uyafukie. Waliobaki waoshe kwa maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chakula cha sabuni iliyokunwa katika lita 2 za maji. Jaribu kwanza kwenye jani moja, ungoje siku mbili, lisipoungua, endelea. Fanya hivyo jioni, usiku wa kuamkia siku isiyo na mvua ikiwezekana, na urudie kila baada ya siku saba. Mwaga majivu makavu kuzunguka shina ili sisimizi wasipande, na uyaongeze kila mvua ikiyasomba.

4. MNYAUKO WA MIGOMBA
Ugonjwa huu ulionekana Uganda mwaka 2001, na baadaye ukaenea katika nchi jirani. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Hauna dawa. Mgomba ulioathirika ukatwe karibu na ardhi. Ugonjwa hubebwa na panga kutoka mgomba hadi mgomba: pitisha panga kwenye moto hadi liwe moto sana kila umalizapo mgomba mmoja. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa kisu, mara tu chane ya mwisho inapotokea. Usichukue machipukizi kwenye shamba lenye ugonjwa.

5. DAWA ZA SUMU
Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au isiyo na lebo. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya pamba au tumbaku usiitie kwenye mpapai ambao mtoto wako atakula tunda lake. Chupa iliyokuwa na dawa haifai tena kwa maji ya kunywa wala mafuta, hata ukiiosha mara nyingi. Mtu akinywa dawa, usimlazimishe kutapika. Mpeleke mara moja kwenye zahanati, pamoja na ile chupa.

Inzi, sisimizi na mnyauko haviulizi uzio wa nani. Jirani asiposafisha, wadudu watahamia kwako. Kwa hiyo pangeni siku moja ya usafi kwa blok nzima, na watu wenye umri wasaidiwe kukata matawi. Ukiona ugonjwa usioufahamu, usibebe jani wala tunda lake kwenda kulionyesha kambini. Mwite bwana shamba aje auone mti wenyewe.