Fahamu: Picha ya simu inabeba nini usichokiona?

Ukipiga picha Bigo, mjini Bunia, simu huandika ndani ya faili saa, aina ya simu na, kama umeiruhusu, mahali hasa uliposimama. Katika Ituri, jimbo la Bunia, lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, hilo si jambo la kuchezea.

WhatsApp huyaondoa maelezo ya mahali ukituma kama picha ya kawaida. Ukiituma kama dokumenti, yanasafiri yote. Dawa rahisi: zima ruhusa ya mahali kwenye kamera.

Na uzuri wa picha? Bunia iko karibu na ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu na utosini na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Mpeleke mtu kivulini, gusa uso wake kwenye kioo, kamera itapima mwanga hapo. Kuvuta kwa vidole, kwenye simu nyingi za bei nafuu, hukata picha tu, heri usogee.

Kwa kusafisha picha, mimi nachagua programu ya Snapseed ya Google: ni bure, na uhariri mwingi hauhitaji intaneti. Na ukipokea picha ya vita isiyojulikana mwenyewe, kabla ya kuisambaza ipitishe kwanza Google Lens au TinEye, zana za kutafuta ilikotoka. Nyingi ni za zamani.