Kiswahili au Lugha ya Ishara: Mwanafunzi Mwenye Mahitaji Maalumu katika Sekondari Pevu

Utangulizi

Mnamo Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi lilijiunga na Gredi ya 10, ambayo ni mwanzo wa sekondari pevu nchini Kenya. Katika orodha ya masomo ya lazima ya kiwango hicho pana Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya. Kiunganishi "au" ni kifupi, lakini kina historia, na kimewaachia wanafunzi na walimu wa Kiswahili jukumu ambalo bado hatujalitekeleza ipasavyo. Makala haya yanadhamiria kueleza chimbuko la kiunganishi hicho na kuchunguza hali ya makundi mawili: viziwi na wasioona. Hatutajadili wanafunzi wanaofuata mkondo wa hatua, ambao hawahesabiwi kwa gredi bali hupanda ngazi kwa ngazi hadi kufikia mafunzo ya ufundi. Hao wanastahili makala yao.

Chimbuko la "au"

Chimbuko hilo liko katikati ya jiji la Nairobi. Mwaka 1991, Mradi wa Utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanaisimu Okoth Okombo na Philemon Akach walikuwa miongoni mwa walioujenga. Tafiti za aina hii zilibainisha kwamba ishara si maneno ya Kiswahili wala ya Kiingereza yaliyohamishiwa mikononi. Ni lugha kamili yenye sarufi yake. Mwaka 2010, Baraza la Mitihani lilianza kuitahini. Katiba ya mwaka uo huo, katika Kifungu cha 7, iliitambua lugha ya taifa kuwa ni Kiswahili na, katika kifungu kicho hicho, ikaiagiza dola iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kifungu cha 120 nacho kikaifanya lugha ya ishara kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Hapana shaka kwamba "au" ni haki. Mtihani wa Kiswahili huuliza kuhusu sauti ghuna, shadda na kiimbo. Kumpima kiziwi kwa maswali hayo ni kuupima usikivu wake wala si umilisi wake wa lugha.

Hata hivyo, haki hiyo ina upande wa pili. Kiziwi anayechagua Lugha ya Ishara anaweza kumaliza Gredi ya 12 bila kufundishwa Kiswahili cha maandishi katika sekondari pevu. Ilhali nje ya lango la shule, Kiswahili kinamsubiri: katika gazeti la Taifa Leo, katika matangazo ya zahanati, katika ujumbe wa simu kutoka kwa jamaa. Kiunganishi kilichokusudiwa kuwa mlango kikageuka ukuta.

Asiyeona na ushairi

Kwa asiyeona, hakuna "au". Yeye husoma Kiswahili kama wenzake. Magharibi mwa jiji, Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi, kwa miaka mingi imewapokea wasichana wasioona wakasoma pamoja na wanaoona. Kiswahili kinaafikiana vyema na Breli kwa kuwa tahajia yake hufuata matamshi kwa karibu. Tatizo hujitokeza katika umbo la matini, hasa shairi.

Tuchukue mfano wa tarbia yenye mizani 16 katika kila mshororo. Mstari wa Breli huchukua takriban herufi 40, pamoja na nafasi na alama za uakifishaji. Mshororo huo huweza kuzidi kiasi hicho na kumwagikia mstari wa pili. Vidole vya msomaji vitakuta mistari saba au minane mahali ambapo mtunzi aliweka minne. Akiulizwa bahari ya shairi kwa kigezo cha idadi ya mishororo, atakosea ingawa ushairi anaujua. Vivyo hivyo, ukwapi na utao, ambavyo mwenye kuona huvitambua kwa kutupa jicho tu, huwa havikai tena bega kwa bega.

Dawa yake si ngumu. Anayenukuu shairi kwa Breli auanze kila mshororo mpya ukingoni na kuusogeza ndani ule uliomwagika. Aidha, mwalimu alisome shairi kwa sauti akizingatia vituo. Lakini hayo yatawezekana tu ikiwa mwalimu mwenyewe anaufahamu mpangilio wa Breli.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kiswahili cha maandishi kitolewe kwa viziwi wanaokitaka, kifundishwe kwa kupitia Lugha ya Ishara na kitahiniwe bila maswali ya sauti. Pili, idara za Kiswahili vyuoni ziwape walimu watarajiwa misingi ya Breli na ya Lugha ya Ishara. Tatu, watafiti chipukizi wa vyama vyetu wauchunguze usomaji wa fasihi miongoni mwa wasioona, maana uwanja huo una mengi yanayosubiri watafiti.

Tumezoea kujivunia kwamba Kiswahili ni lugha ya Wakenya wote. Kauli hiyo itathibitika pale kiziwi atakapokisoma na asiyeona atakapokigusa, kila mmoja kwa njia iliyo yake.