Baba Amelala, Msipige Kelele

Ikiwa umepata kukaa Geita mjini, Kahama, au katika nyumba za wafanyakazi kule Mwadui, bila shaka waifahamu nyumba ambayo watoto wake hucheza kwa kunong'ona mchana kutwa. Redio imezimwa. Mama amekwenda kutwanga kwa jirani. Baba aliingia saa 1 asubuhi kutoka zamu ya usiku, na saa 11 jioni basi la kazini litamfuata tena. Mtoto wa nyumba hiyo akiulizwa habari za baba yake hujibu, "Amelala," kana kwamba kulala ndiyo kazi yake.

Twazoea kuipima migodi ya kanda hii kwa gramu za dhahabu na karati za almasi. Leo na tuipime kwa nyumba hiyo.

Pale Mwadui, baada ya Mkanada John Williamson kugundua almasi mwaka 1940, mgodi ulijijengea mji wake wenyewe: nyumba, shule, hospitali. Aliyepewa nyumba aliweza kuishi na watoto wake. Lakini katika mji wa namna hiyo bwana mkubwa wa kazini ndiye pia mwenye nyumba, na anayepoteza kazi hupoteza na paa. Geita, ambako mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000, wengi wenye ujuzi wametoka mikoa ya mbali. Hufanya kazi siku kadhaa mfululizo, kisha hupanda basi kwenda kuiona familia. Huyu ana nyumba asiyoimiliki. Yule ana familia asiyoishi nayo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikulisahau jambo hili. Saa za kawaida ni 45 kwa juma, zisizozidi 9 kwa siku. Siku ya saa 12, iliyozoeleka katika migodi mikubwa, inaruhusiwa, ila kwa mapatano ya maandishi. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hizo. Mama mjamzito halazimishwi zamu hiyo katika miezi 2 kabla ya kujifungua.

Je, mapatano uliyoyatia saini, umeyasoma? Mkeo ameyasoma? Swali la pili si mzaha. Yeye ndiye apangaye siku ya kliniki, ya mkutano wa wazazi shuleni, na ya ugeni wa mashemeji.

Wenye umri wao watakumbuka Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliokemea majivuno na ubabe wa viongozi. Mwaka mmoja kabla yake, Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mabaraza mengine, tuseme kweli, yaligeuka mahali pa kusomewa taarifa na kunywa soda. Hata hivyo wazo lenyewe lilikuwa sahihi: mtu haoni maana ya kazi ambayo hana neno la kusema juu yake.

Wasukuma walilijua hilo kabla ya waraka wowote. Katika bugobogobo, wakulima hujipanga mstari, majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Sisemi ngoma ipelekwe mgodini, mitambo ina kelele za kutosha. Nasema kwamba mpiga ngoma yuko shambani pamoja na wenye majembe, akichomwa na jua lile lile. Mpanga zamu aliye ofisini yafaa naye apate kuiona saa 9 ya usiku mahali kazi inapofanyika.

Tazama jambo la msiba. Sheria hutoa siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, au kwa kifo cha mwenzi, mzazi au ndugu. Aliye Geita akifiwa Kyela, siku 2 humalizikia barabarani. Msimamizi anayeliona hilo bila kuombwa mara tatu, akampa mtu siku za kwenda na kurudi, huyo watu wake humfanyia kazi hata asipokuwapo.

Na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Mgusu? Wengi hawana zamu wala likizo, hugawana mawe yakipatikana. Wengine hurudi na kazi nyumbani kwa namna mbaya kuliko zote: huchoma dhahabu yenye zebaki jikoni, na moshi wake wenye sumu ukavutwa na watoto. Hapo mwenye duara ana wajibu wa kutenga mahali pa kuchomea, mbali na makazi, tena kwa kifaa cha kunasa moshi.

Kwa wenye zamu, ombi la kwanza ni dogo na halina gharama: ratiba itolewe mwezi mzima kabla, na isibadilishwe kwa simu ya usiku. Ikibandikwa ukutani jikoni, hata mtoto wa darasa la tatu ataweza kuisoma, ajue ni Alhamisi ipi baba atakuwa macho.