Kochi Likiacha Ukuta

Zunguka nyuma ya makochi yanayouzwa kando ya barabara pale Keko, jijini Dar es Salaam. Mbele yanang'aa: mahameli ya kijani, vifungo vilivyozamishwa kwa mstari, mito ya rangi ya dhahabu. Nyuma utakuta kitambaa cheusi chepesi kilichopigwa pini za stepla, na pengine kona imeachia, mbao ya ndani inachungulia. Hakuna mteja aliyepunjwa hapo. Kochi la namna hiyo limetengenezwa liegemee ukuta, na mgongo wake hauonwi na mtu.

Kilichonishika ni lile moja lililokuwa katikati yao, limevishwa kitambaa kizuri pande zote, mgongo umeshonwa kwa uangalifu kuliko hata kiti. Nilimuuliza fundi wake, ambaye hakupenda jina lake litoke gazetini, kwa nini kitambaa cha bei kinamalizikia kusikokaliwa. Akanijibu kwa neno moja: jiko.

"Bosi, wajenzi wametoa ukuta," akaendelea, mkono ukipapasa mshono. "Sasa wateja wanakuja kuudai kwangu."

Habari yenyewe tunaijua. Katika fleti nyingi mpya, sebule, meza ya chakula na jiko ni chumba kimoja. Mtindo huu una umri: mwaka 1937, huko Madison, Wisconsin, Frank Lloyd Wright alikamilisha nyumba ya familia ya Jacobs, ambayo jiko lake liliungana na sehemu ya kulia na sebule, kwa watu wa kipato cha kati wasio na watumishi. Kwetu jiko lilikaa uani, nyuma ya korido, na moshi wa mkaa ulibaki huko. Mtungi wa gesi ndio uliolifungulia njia ya kuingia sebuleni.

Basi kochi limevutwa kutoka ukutani, limewekwa katikati, likalipa jiko mgongo. Hapo ndipo fundi anapozungumza kama msanifu. Mgongo ukiwa mrefu, anasema, chumba kinakatika vipande viwili na anayepika haoni televisheni wala mtoto anayetambaa. Ukiwa mfupi mno, mgeni aliyekaa mezani anatazama sufuria chafu. Kipimo chake ni kaunta ya jiko, ambayo kwa kawaida ina kimo cha karibu futi tatu: mgongo wa kochi usiipite. Nyuma yake hupenda kuweka kimeza chembamba cha upana wa futi moja, cha kubebea taa na funguo, ili anayetoka jikoni na chungu cha moto asikumbane na kichwa cha mtu aliyekaa.

"Watu wanapima ukuta, hawapimi njia," alisema, na hapa sauti yake ilipanda. Mteja humletea picha kwenye simu, ya chumba kipana kisicho na uhusiano wowote na chake. Yeye huchukua chaki na kuchora fleti ya mteja sakafuni, palepale kwenye vumbi la mbao, kisha humwambia atembee. Atoke mlangoni hadi jikoni. Afungue friji. Avute kiti cha mezani kama mtu anayetaka kuinuka. Kati ya kochi na kimeza cha chai, futi moja na nusu. Nyuma ya kiti cha kulia, futi tatu, ili mtu apite bila kumwambia mwenzake asogee. Baadhi ya wateja, anasema, hufuta kochi la pembe waliloliota wakachukua la watu wawili na viti viwili vyepesi vinavyohamishika. Anapoteza fedha siku hiyo, na nilimwona anavyolisema hilo bila majuto.

Kuhusu mahameli pia ana la kusema. Kaanga samaki mara mbili kwa wiki katika chumba hicho, kitambaa kitanukia samaki hata mbele ya mgeni wa Jumapili. Hushauri foronya zenye zipu, zinazovuliwa na kufuliwa.

Lakini lipo swali ambalo hakuwa na jibu lake. Mama mmoja aliagiza mgongo unaofika mabegani mwa mtu aliyesimama. Fundi akamweleza kwamba chumba kitakuwa giza na upepo wa dirishani hautapita. Mama akamuuliza: "Baba mkwe akija, fundi, mimi napikia wapi?" Akamtengenezea kama alivyotaka. Wengine hufunga pazia, na pazia karibu na jiko la gesi ni hatari.

Nami nimebaki na swali la binti wa kazi. Jiko la uani lilimchosha kwa moshi, ila lilikuwa mahali ambapo aliweza kukaa kwenye kigoda, akavua viatu, akanyamaza. Kwenye chumba kimoja anaonwa tangu asubuhi hadi vyombo vya usiku vinapokauka. Anayechora fleti hizi humfikiria? Mwenye nyumba je, anapoamua kochi litazame upande gani? Fundi alitikisa kichwa akarudi kwenye mshono wake.

Ukienda kuagiza kochi la katikati ya chumba, sema hivyo kabla mbao hazijakatwa, maana kuuvisha mgongo upya baadaye ni kulipa mara mbili. Nenda na vipimo vya njia zako, si vya ukuta peke yake. Na kabla hujalipa malipo ya awali, muulize anayepika nyumbani kwako anataka kuona nini, na nini angependa kisionekane.