Kabla Hujaivalisha Vitz Rimu za Spoti

Fungua mlango wa dereva wa Toyota Vitz ya kizazi cha pili, zile zilizoanza kutoka kiwandani 2005, utazame kwenye nguzo ya mlango. Kuna stika yenye maandishi ya Kijapani, na kwenye nyingi za CC 996 utakuta humo namba hizi: 165/70R14. Ubavuni mwa tairi lenyewe huongezwa 81S. Wenye magari wengi hawajawahi kuisoma stika hiyo. Wanaingia duka la rimu, wanaonyeshwa inchi 16 zinazong'aa, fundi anajaribisha, nati zinaingia, gurudumu linazunguka bila kugusa mudigadi, pesa inalipwa. Gurudumu linaweza kuingia vizuri hivyo na bado lisilifae gari.

Namba 165 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, kikiwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 115.5. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na kila inchi ni milimita 25.4. Jumlisha rimu na ubavu mara mbili, wa juu na wa chini, upate kipenyo cha gurudumu zima: milimita 587. Anza na namba hiyo kabla ya kutazama rimu yoyote, kwa sababu gia na spidimita vilipangwa kwa gurudumu la ukubwa huo. Kanuni ya mafundi makini ni kutoivuka kwa zaidi ya asilimia 3, juu au chini.

Sasa pima lile la inchi 16. Linalopendwa ni 195/45R16, na kipenyo chake ni milimita 582, karibu sawa kabisa na la kiwandani. Ndiyo maana linaingia. Lakini ubavu umeshuka kutoka milimita 115 hadi 88. Rimu imekua kwa kuula ubavu, na ubavu ndio kinga ya kwanza ya gari dhidi ya barabara, kabla hata springi na shokapu hazijaguswa. Tairi likipiga ukingo wa shimo, ubavu mnene hujikunja, hewa ikasukumwa pembeni, kisha ukarudi. Ubavu mwembamba hauna nafasi hiyo. Mpira unabanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku chache unaona uvimbe ubavuni. Tairi lenye uvimbe halina tiba. Rimu nayo hupinda, ikapelekwa kugongwa nyundo au kuchomelewa, na aloi iliyochomelewa mimi siipandi.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawaligusi. Ile 81 ni kiwango cha mzigo: kila tairi linabeba hadi kilo 462. Tairi la kawaida la 195/45R16 lina kiwango cha 80, yaani kilo 450. Umelipa zaidi kwa tairi pana zaidi, linalobeba pungufu ya lile uliloliondoa! Yapo yaliyoimarishwa, yenye alama ya XL na kiwango cha 84, ambayo hufika kilo 500, lakini hutaka upepo mwingi zaidi ili yabebe hivyo, na upepo ukizidi gari linazidi kuwa gumu. Vitz inayopakia watu watano na magunia nyuma isichezee namba hii. (Herufi S ni ya mwendo: tairi limepimwa hadi kilometa 180 kwa saa.)

Rimu kubwa na tairi lake kwa kawaida huwa na uzito zaidi pia, na uzito huo umekaa mbali na kitovu, mahali ambapo kuuzungusha kunakula nguvu. Injini ya CC 996, yenye pistoni tatu, haina nguvu ya kugawa. Mwenye Vitz hiyo akipandisha mlima wa Kitonga na abiria, atauhisi uzito huo.

Mtu anayeishi kwenye lami na anataka gari lipendeze, ningemshauri aishie inchi 15, avae 185/55R15. Kipenyo ni milimita 584.5, ubavu unabaki milimita 102, na mzigo unapanda hadi kilo 475 kwa kiwango cha 82. Gari litashika kona vizuri zaidi na bado litavumilia matuta. Anayekaa kwenye njia ya vumbi na makorongo abaki na rimu yake ya 14, anunue 175/70R14. Hapo kipenyo kinafika milimita 601, ongezeko la asilimia 2.4, ubavu unakuwa milimita 122, mzigo kilo 500, na tumbo la gari linainuka milimita 7. Spidimita ikionyesha 50, mwendo halisi utasogea karibu na 51. Kwangu mimi huo ndio uboreshaji bora kwa gari dogo katika barabara zetu nyingi, ingawa hakuna atakayegeuka kuutazama.

Ukishachagua tairi, rimu sasa. Vitz ina matundu manne yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 54.1. Rimu nyingi za dukani zina tundu la 73.1 ili zivae magari mengi, kwa hiyo dai ringi za kujazia nafasi hiyo. Bila ringi ni rahisi rimu ikae pembeni kidogo, na usukani utetemeke hata baada ya kubalansi. Halafu tazama namba ya ET, inayoonyesha rimu imeingia ndani kiasi gani. Ukitoka rimu ya inchi 5.5 yenye ET 45 kwenda inchi 6.5 yenye ET 38, ukingo wa nje unasogea karibu milimita 20 kuelekea mudigadi. Kwa hiyo jaribisha ukiwa na abiria nyuma na usukani umekatwa hadi mwisho, siyo gari likiwa tupu juu ya jeki. Spesa za kuisukuma rimu nje zaidi huongeza mzigo kwenye beringi. Ziache.

Tafuta pia alama za JWL na VIA. Ya kwanza ni ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi, ya pili inaonyesha kwamba muundo wa rimu umepimwa na kusajiliwa. Rimu ya mtumba iliyonyooka, yenye alama hizo, naichagua mbele ya mpya isiyo na alama yoyote. Tairi nalo lisomwe tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Nati za rimu za aloi za Toyota mara nyingi zina washa bapa, wakati rimu nyingi za dukani zinataka nati zenye ncha ya koni. Ukizichanganya, zitakazwa vizuri gereji na kulegea barabarani. Zikazwe kwa spana ya kipimo, niutonimita 103, kisha zirudiwe baada ya kilometa 50 hadi 100.