Kiboksi cha Wati 6 Kinachoishinda Core i7

Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta kompyuta ya kuunganisha na televisheni ya 4K, huenda ukaonyeshwa kwanza Core i7 ya mtumba. Muuzaji hana nia mbaya. Jina hilo limezoeleka kuwa la juu. Lakini Core i7-4770 ya mwaka 2013, iliyoundwa kwa wati 84, inaweza kukatakata mbele ya video ambayo kiboksi chenye prosesa ya N100 ya mwaka 2023, ya wati 6, inaionyesha kwa utulivu. Chanzo cha ajabu hiyo ni hesabu iliyobuniwa miaka ya 1970.

Picha moja ya 4K ina vitone 8,294,400. Kila kitone kikiandikwa kwa biti 24, na picha zikipita 24 kwa sekunde kama filamu nyingi zilivyo, ungehitaji intaneti ya karibu gigabiti 4.8 kwa sekunde. Netflix inapendekeza megabiti 15. Katika kila sehemu 300 na ushee, imefika moja tu, na bado unaona jasho kwenye paji la uso la mwigizaji.

Mwaka 1972 Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, aliomba fedha za kuchunguza njia mpya ya kubana picha. Mfuko wa taifa wa sayansi ulimnyima. Wazo lilionekana jepesi mno. Akaendelea bila fedha hizo, pamoja na mwanafunzi wake T. Natarajan na rafiki yake K. R. Rao, na Januari 1974 wakachapisha matokeo. Picha za JPEG zimejengwa juu ya hesabu hiyo, na karibu kila video unayotazama kwenye simu inaitumia au inatumia nduguze.

Hesabu yenyewe inachukua kipande kidogo, mathalani vitone 8 kwa 8. Badala ya kuorodhesha mwanga wa kila kitone, inakieleza kipande kama mchanganyiko wa mawimbi: mapana kwa kiasi hiki, membamba kwa kiasi kile. Katika ukuta uliopakwa rangi au anga la mchana, karibu habari yote imo kwenye mawimbi mapana. Yale membamba ni hafifu, na jicho la binadamu haliyashiki vizuri, kwa hiyo yanaandikwa kijuujuu au yanatupwa kabisa. Mengine yanaokolewa kwa kutorudia: kamera ikitulia juu ya uwanja wa mpira, nyasi za picha iliyopita zinatumika tena, na kinachotumwa ni habari ya nani kasogea wapi.

Kilichobanwa lazima kifunguliwe, na mitindo ya kubana imezidi kuwa tata: H.264 mwaka 2003, HEVC mwaka 2013, AV1 mwaka 2018. Prosesa yoyote inaweza kuifungua kwa kupiga hesabu hatua kwa hatua, lakini huko ni kutwanga mahindi kwa kinu wakati jirani ana mashine ya kusaga. Mashine hiyo ni sakiti maalumu ndani ya prosesa, isiyojua kazi nyingine. N100 inayo ya AV1. i7 ile haina, na huwezi kuiongezea kwa programu.

Kwa hiyo, ukiambiwa i5 au i7, uliza kizazi. Kwa Intel, kizazi cha 6 kinafungua HEVC ya biti 8, ilhali filamu za 4K zenye rangi za HDR ni za biti 10. Hizo zinataka kizazi cha 7. AV1 ilianza kizazi cha 11. RAM ya GB 8 inatosha, na sioni haja ya kadi kubwa ya michoro kwa mtu asiyecheza gemu. Kabla ya kulipa, fungulia video ya 4K palepale dukani, kisha utazame Task Manager upande wa GPU: mstari wa Video Decode ukipanda huku CPU ikitulia, sakiti ipo kazini.

Kagua pia tundu la HDMI. Toleo la 1.4 linapitisha 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na mpira utaonekana ukirukaruka. Toleo la 2.0 linafika 60.

Kisha pima sebule. Megabiti 15 kwa sekunde ni karibu GB 7 za bando kila saa. Jicho zima la kawaida linatenganisha vitone vya 1080p kwenye televisheni ya inchi 55 hadi umbali wa mita 2 na kidogo. Kochi likiwa mita 3 kutoka kwenye skrini, GB hizo utazilipia na ukali wa ziada hutauona, ingawa rangi za HDR zitabaki kuonekana hata kwa aliyekaa mlangoni.