Uvira: Pesa za kuinua uchumi kisha Covid zitafika mpaka mtoni?

Mwezi wa nne 2020, wakaaji wa Uvira, Kivu ya Kusini, walikuwa wanaambiwa kila siku wanawe mikono na wasikusanyike. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mvua kubwa ikanyesha, mto Mulongwe ukafurika, nyumba zikaenda na maji. Makumi ya watu walikufa. Waliopona walibanana mashuleni na makanisani, huku mtambo wa maji safi wa mji umeharibika. Kunawa mikono kwa maji gani?

Pesa zilikuja, lakini kwa njia ndefu. Mwezi wa nane 2021, Shirika la Fedha la Kimataifa (FMI) liligawia nchi wanachama akiba yenye thamani ya dola bilioni 650, ili kuinua uchumi ulioangushwa na Covid-19. Mgawo ulifuata uzito wa kila nchi ndani ya shirika, si ukubwa wa shida yake: Afrika nzima ilipata bilioni 33 hivi, RDC karibu bilioni 1,4. Nchi tajiri, ambazo hazikuwa na haja kubwa nayo, zilikubali kukopesha sehemu ya mgawo wao, na mwaka 2022 FMI ikaunda mfuko wa kusaidia nchi kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi na magonjwa ya mlipuko.

Kupitia mfuko huo, tarehe 15 Januari 2025, RDC ilikubaliwa zaidi ya dola bilioni 1. Siku 12 baadaye, waasi wa M23 waliingia Goma.

Si zawadi, ni mkopo wa miaka 20, ingawa deni lenyewe haliguswi kwa miaka 10 na nusu ya kwanza. Tena pesa hizo hazifuati mradi fulani: zinaingia katika bajeti ya Serikali, kidogo kidogo, kadiri mageuzi yaliyoahidiwa yanavyotimizwa. Hapo ndipo Uvira inaweza kusahauliwa, maana sheria nzuri iliyotiwa sahihi Kinshasa haizuii maji ya Mulongwe.

Juu ya mji, miteremko ya milima ya Mitumba imekatwa miti kwa ajili ya makala na mashamba. Mvua ikipiga, udongo unashuka wote. Kupanda miti kule na kujenga kingo za mito kungewapa kazi vijana ambao biashara zao zilikufa mipaka ilipofungwa. Kwa sasa, wengine wamejenga tena palepale, kando ya mto.